Miguu ya Taiwo

Hasira zangu mimi huanzia masikioni. Masikio yakishapata moto, aliye karibu nami na atafute pa kwenda. Lakini asubuhi ile masikio yalikuwa baridi kabisa. Nilikuwa najiimbia peke yangu karakanani, nyuma ya ukumbi wetu wa maigizo pale Mokola, Ibadan, kwa sababu Jumamosi ya wiki hiyo hiyo watu wa Kehinde walikuwa waje nyumbani kwetu kujitambulisha kwa wazazi wangu. Mtoto wa watu nina raha zangu, kumbe nimeshauzwa.

Mbele yangu kulikuwa na jukwaa dogo, limeenea meza nzima. Ndiyo kazi yangu hiyo. Kabla hata ubao mmoja haujanunuliwa, mimi hulijenga jukwaa lote kwa udogo, kwa kadibodi na gundi na vijiti, kila mita ya kweli iwe sentimita nne tu, ili watu waone mlango utakaa wapi na mwigizaji atapita wapi bila kujigonga. Nikimaliza, Kehinde, mkuu wa maseremala, hulichukua akalijenga kwa ukubwa wake. Mimi dogo, yeye kubwa. Tulianza kupendana kwa kubishania vipimo, na baba yangu mpaka leo anamwita "yule fundi wa nyumba za uongo."

Safari hii hadithi ilikuwa ya jitu la mti linalosimama katikati ya mto. Jitu hilo huiba nyimbo ambazo akina mama huwabembelezea watoto, mpaka mji mzima unakosa usingizi, na binti mmoja anajitosa majini kwenda kuzidai. Mji nilikuwa nimeshaujenga, vibanda na soko, na mapaa ya bati niliyoyapaka kutu moja moja kwa brashi nyembamba. Mto niliumwaga kwa gundi, tabaka juu ya tabaka, ya buluu na ya kijani, mpaka ukang'aa. Jitu ndilo lililonitoa jasho. La kwanza nililifinyanga likafanana na kiazi kikuu. La pili likatoka na sura ya mjomba wangu. Nikakata tamaa.

Ndipo juzi yake Kehinde akaja na kitu kimezungushiwa gazeti, akakiweka mezani bila kunitazama.

"Hili hapa jitu lako," akasema.

Nikafungua. Sanamu ya mti, mtu mdogo mwenye kichwa kikubwa na macho yaliyotulia, mikono imeshuka ubavuni. Mtu yeyote wa kwetu akiiona anaijua. Pacha akifa, huchongewa sanamu ya namna ile, na mama humwogesha, humpaka mafuta, humvisha, humpa chakula, ili yule aliyebaki asije akavutwa kumfuata mwenzake. Ila siku hizi zinachongwa tele kwa ajili ya wageni, zinapangwa kando ya barabara kama mikate.

"Umeitoa wapi?" nikamuuliza.

"Kwa wale wanaowauzia wageni."

"Mbona uso umelika hivi? Pua imekwisha kabisa."

"Wanazisugua kwa msasa zionekane za kale. Arinola, na wewe, umezaliwa Ibadan hujui ujanja wa wachuuzi?"

Nikacheka. Nilicheka kweli, nikamshika shavu, nikamwambia ananijulia. Sanamu ilikuwa na sentimita ishirini na tano, yaani kwa ukubwa wa kweli ingepita mita sita, na uwazi wa jukwaa letu ni mita tano. Kichwa kingefichwa na pazia la juu. Na kichwa ndicho nilichokitaka, ule uso. Kwa hiyo nikachukua msumeno mwembamba nikakata miguu chini ya magoti, nikalisimamisha jitu mtoni, maji yakalifikia magotini. Lilipendeza mno. Kehinde alikuwepo nikikata. Alisimama pembeni akanishikia taa.

Sasa ile asubuhi ninayoisema, mlango ulifunguliwa bila hodi, akaingia mama yake. Wote tunamwita Iya Ibeji, Mama Mapacha, ingawa pacha aliyebaki ni mmoja. Nikaacha brashi nikapiga magoti kumwamkia kama anavyostahili mama mkwe. Hakuitikia.

"Kehinde yuko wapi?"

"Ameenda kupokea mbao, Mama. Anarudi sasa hivi. Karibu kiti."

"Sikukujia kiti." Alikuwa amefunga kilemba vibaya, upande mmoja umelegea, na mama yule hata kwenda sokoni hujifunga vizuri. "Jumapili niliondoka kwenda kumwona dada yangu Oyo. Nimerudi leo, nikapika maharage nimpelekee Taiwo. Taiwo hayupo mahali pake."

"Taiwo yupi, Mama?"

"Unaniuliza Taiwo yupi?"

Kwa kweli nilijua tu kwamba Kehinde alikuwa na pacha wake, kwa sababu jina lenyewe linasema, kwetu pacha wa kwanza kutoka ni Taiwo na wa pili ni Kehinde, na kwamba mwenzake alifariki akiwa mchanga. Basi. Kwamba kuna sanamu nyumbani, kwamba ina mahali pake, kwamba bado inapikiwa maharage, hilo sikuwahi kulisikia. Mama mwenyewe nilimfahamu kwa kofia zake za kanisani.

Akageuza macho yake taratibu kutoka kwangu mpaka mezani. Akapita vibanda, akapita soko, akafika mtoni.

Sikupata nafasi ya kusema neno. Alinyoosha mkono akalinyanyua jitu kutoka mle majini, na gundi ambayo haijakauka ikamfuata kama nyuzi. Akaipindua sanamu, akatazama chini, pale nilipokata.

"Miguu yake iko wapi?" akauliza kwa sauti ndogo sana.

"Mama, mimi sikujua."

"Nimekuuliza miguu ya mwanangu iko wapi."

"Mama, naapa, niliambiwa ni ya dukani."

"Nani angekuambia hivyo?" Akanitazama toka utosini hadi unyayoni. "Wewe si ndiye uliyekubali kumtunza? Kehinde aliniambia umekubali kwa mdomo wako. Nilimwambia, mwanangu, mimi nazeeka, mke utakayemwoa ndiye atakayemwogesha ndugu yako, ndiye atakayempa chakula, muulize kwanza. Akarudi akaniambia, Mama, amekubali, tena amefurahi. Kumbe furaha yenyewe hii. Umekubali mbele ya watu, halafu unamchukua kisirisiri ukamkatie miguu, asiingie nyumbani kwako."

Hapo ndipo masikio yalipoanza kupata moto. Lakini si kwake yeye.

"Alikwambia nimefurahi?" nikauliza.

"Usinijibu kwa maswali."

Mlango ukafunguka tena. Kehinde, mbao ndefu begani, jasho limemlowesha shati mgongoni. Alimwona mama yake. Akaona kilichokuwa mkononi mwa mama yake. Kisha akanitazama mimi.

Jamani, kuna kutazamwa na kutazamwa. Macho ya Kehinde ndiyo yaliyoniponza tangu mwanzo, meusi, yenye kope nzito, yakikutulia unasahau ulichotaka kusema. Siku ile yalinitazama yakiniomba. Hayakuwa yakiomba msamaha, hilo ningelielewa. Yalikuwa yakiniomba niubebe mzigo. Yalisema, wewe si mtu wa kwetu, wewe Mama atakusamehe, mimi hatanisamehe. Nilisoma kila neno. Nikasimama pale nikamsubiri, nikasema moyoni, Kehinde, mwanamume wangu, fungua mdomo.

Hakuufungua. Akaziinamisha mbao ukutani moja moja, kwa utaratibu, mtu ungedhani ana yai begani.

"Umeona mkeo alichofanya?" mama yake akamwambia.

Kehinde akatazama sakafu.

"Kehinde," nikasema. "Mama anakuuliza."

"Mama, tutoke nje kwanza," akasema. "Tuongee nje. Arinola ana kazi ya watu."

"Sitoki. Niliyetoka kumtafuta nimemwona." Mama akaipakata sanamu kifuani kwa mkono mmoja. Mkono mwingine akaushika mkunjo wa kitenge chake, akaanza kushuka chini, goti la kwanza, na magoti yake yana maradhi, nilisikia likilia.

Kwetu mama akikupigia magoti kwa hasira, hakuombi. Anakumbusha magoti aliyopiga siku ya kujifungua, na neno la laana atakalolitoa pale chini hakuna mchungaji wala mganga wa kulirudisha. Niliwahi kulisikia mara moja tu nikiwa mdogo, kwa jirani, na jirani yule hakukaa mtaani.

"Kama si mimi niliyepiga magoti usiku ule," akaanza, "nikawazaa wawili..."

"Ni mimi," Kehinde akasema.

Goti la pili lilikuwa bado halijagusa chini.

"Ni mimi, Mama. Nyamaza, tafadhali, usilimalize hilo neno. Nilimchukua mimi ulipokuwa Oyo. Nikamletea Arinola. Nilimdanganya ni wa barabarani. Hakujua chochote."

Nikamshika mama kwapani nikamwinua. Alikuwa mzito na mnyonge kwa wakati mmoja. Nikamkalisha kwenye kiti alichokikataa, na safari hii alikaa.

"Kwa nini?" akamuuliza mwanawe.

Kehinde akaufuta uso kwa kiganja. "Mama, tangu nipate akili, kwenye meza yetu kuna sahani tatu. Nikishonewa shati, kinakatwa kipande cha kitambaa kile kile, ashonewe na yeye. Nikifaulu mtihani, unaanza kumpongeza yeye. Siku yangu ya kuzaliwa huwa mnaimba jina lake kwanza. Sikusema kitu. Nimekua hivyo. Halafu nikampata Arinola. Nikaja mbio kukuambia, na neno lako la kwanza likawa, vizuri, sasa na Taiwo amepata mke. Nilitaka kitu kimoja tu duniani kiwe changu peke yangu. Kimoja."

Nakiri hapo roho iliniuma kwa ajili yake. Maana nilikuwa mimi hicho kitu kimoja, na mwanamke gani asiyetaka kuambiwa hivyo? Angeniambia maneno yale jioni moja barazani, ningelia, ningemkumbatia, tungeenda wote kwa mama yake tukazungumza. Sasa aliniambia nikiwa nimetoka kunusurika na laana.

"Ungeniambia," mama yake akasema.

"Ningekuambiaje?"

"Kwa mdomo. Huo huo unaolia ugali wangu wa amala." Machozi yakaanza kumtoka, akayaacha. "Unadhani nilikuwa namlisha yeye? Mimi sijui kwamba mti hauli? Yeye nilimzika kwa mikono yangu. Nilikuwa nakushika wewe, usimfuate. Ulikuwa mdogo wa mwili kuliko yeye, kifua kinalia usiku kucha. Wakaniambia, mpe mwenzake chakula, huyu atakaa. Nikampa, ukakaa. Nikaogopa kuacha. Kila mwaka nikasema mwakani nitaacha, nikaogopa."

Kehinde akanigeukia mimi, akashusha sauti, akatumia lile jina la kubembelezea nililopewa na bibi yangu, ambalo hulitumia tukiwa wawili tu.

"Anike."

"Usiniite Anike."

"Nilikuwa nakupenda, ndiyo maana."

"Umemaliza?"

"Anike, tafadhali."

"Nimekuuliza umemaliza? Kama umemaliza, nisikilize mimi, maana nimekusikiliza toka umeingia, hata uliponyamaza nilikusikiliza." Masikio yangu yalikuwa yanawaka. "Nilipokuwa nakata, ulikuwa umesimama wapi?"

Akaitazama taa ile.

"Ulikuwa umesimama hapa. Ulinishikia taa. Nilikuuliza, nikate hapa au chini kidogo? Ukaniambia nini?"

"Arinola, mama yuko hapa."

"Ndiyo, na asikie. Ulisema, kata hapo hapo. Ndugu yako. Nikacheka, nikapuliza vumbi la miguu yake, na wewe unanitazama."

Mama alifumba macho.

"Sikuwa na ujasiri wa kukata mwenyewe," Kehinde akasema.

"Najua. Na hilo ndilo linaloniwasha." Nikamkaribia. "Watu wote wa kwetu wanajua habari za mapacha. Taiwo hutoka kwanza, lakini mkubwa ni Kehinde. Kehinde ndiye humtuma mwenzake, anamwambia, tangulia, ukaionje dunia, ukiiona tamu ulie nisikie, ndipo nije. Wengine wote hutuma mara moja wakaacha. Wewe hujaacha. Ulimtuma Taiwo duniani, hakukaa. Ulipomchoka ukamtuma kwenye msumeno wangu. Na leo ukanituma mimi kwa mama yako, nikapokee laana yako, wewe umesimama pale unapanga mbao, unasikilizia kama dunia ni tamu."

Nje mtu alikuwa anauza akara, bajia za kunde, anaimba bei.

"Nilizungumza mwishowe," Kehinde akasema, polepole.

"Ulizungumza. Goti moja lilikuwa chini tayari."

Aliinamisha kichwa. Nilitamani kukishika kile kichwa, niseme ukweli, hasira haikunizuia kumwona. Shingo yake ina kovu dogo la patasi ambalo nimelibusu mara nyingi. Nikatazama kwingine.

Nikaenda kwenye debe la vipande vya mbao, nikapiga magoti nikaanza kupekua. Vijiti, kadibodi, maganda ya karanga ya maseremala. Nilipekua mpaka nikaiona, miguu miwili midogo imesimama juu ya kibao chake cha duara, vidole vyote vimechongwa. Kibao kwa chini kilikuwa cheusi kwa mafuta ya miaka. Mchuuzi gani wa barabarani angepaka mafuta chini ya kibao? Ningegeuza tu ningejua. Nikaifuta kwa upindo wa gauni langu, nikampelekea mama kwa mikono miwili, nikiwa bado chini.

"Mama, iko hapa yote. Nimemkata mimi, kwa kutojua, na mimi ndiye nitakayemuunga. Nitamtoboa kitobo kidogo kila mguu, nitie kijiti kigumu ndani na gundi, nimfunge mpaka kesho. Atasimama. Alama itabaki, sitakudanganya."

Aliitazama ile miguu muda mrefu. "Na mchezo wenu?"

"Jitu nitalitafuta kwingine."

"Nikuachie mwanangu, wewe uliyemkata?"

"Kaa unitazame ninavyofanya. Ukiona nakosea, nipige."

Sijui ni neno gani lililomlainisha. Labda hilo la kupigwa, maana midomo yake ilijivuta kidogo upande mmoja. Akaipokea miguu, akaijaribisha mahali pake, ikakaa sawa sawa, kisha mkono wake mmoja ukashuka juu ya kichwa changu.

"Huyu hapendi maji ya baridi," akasema. "Ukimwogesha, yawe ya uvuguvugu. Na maharage usitie pilipili."

"Nimesikia, Mama."

"Na Jumamosi je, mke wangu? Tuje, au tukae kwetu?"

Mke wangu. Ndivyo mama wa kwetu anavyomwita mke wa mwanawe, na hakuwahi kuniita hivyo mpaka siku ile. Nyuma yangu nilisikia Kehinde ameacha hata kupumua.

"Mje, Mama," nikasema. "Wewe na Taiwo. Nitawapokea mlangoni mimi mwenyewe."

Nikainuka, nikachukua keekee ndogo na chupa ya gundi, nikaisogeza taa. Mama akavuta kiti karibu na meza, akampakata mwanawe kwenye kitenge, tayari. Kehinde akapiga hatua moja, akanyoosha mkono aishike taa kama ile juzi. Nikaishika kabla yake.

"Na mimi?" akauliza. Sauti yake ilikuwa imekauka kabisa. "Arinola, na mimi?"

Nikamtazama machoni, kwa mara ya kwanza tangu nimtake afungue mdomo. Macho ni yale yale. Safari hii hayakuniomba nibebe chochote.

"Si wewe uliyemtanguliza Taiwo?" nikamwambia. "Basi ngoja zamu yako."